Jina Tulilolifuata Makambako

Karatasi iliyonyeshewa ikakauka, ikanyeshewa tena ikakauka, ina harufu yake. Iko karibu na ya uyoga, karibu na ya magunia ya mahindi ya mwaka jana, na nyuma yake kabisa kuna panya. Mwezi uliopita nilishuka Makambako nikitokea hospitali ya macho, nikawa nasubiri gari la kunirudisha Njombe. Upepo wa pale mnaujua, hauna adabu kwa wazee. Ulinipiga usoni na vumbi lake, na katikati ya vumbi nikaisikia harufu hiyo. Hakukuwa na kitabu hata kimoja karibu. Mama mmoja alikuwa ameanika maboksi yaliyolowa mvua ya usiku kando ya duka lake, basi. Lakini niliketi juu ya mfuko wangu, na uchovu wa siku moja ya utoto wangu ukanirudia mwilini kana kwamba miaka hamsini na zaidi ni kitu cha jana.

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu, kando ya barabara iendayo Makete, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Njombe mjini. Padre alitufikia kila baada ya miezi miwili, mvua zikiharibu barabara hata mitatu. Kati ya ujio mmoja na mwingine, kanisa letu la tofali mbichi lilikuwa mikononi mwa baba. Alisalisha Jumapili, alifundisha watoto, alizika. Na mtoto akizidiwa padre akiwa mbali, baba ndiye aliyeitwa kumbatiza. Alikwenda na kikombe cha maji na kitabu chake cha sala. Akishamaliza, huketi palepale kwenye kigoda na kuandika nyuma ya kitabu hicho, kwenye kurasa tupu za mwisho: jina la mtoto, majina ya wazazi, na siku. Padre akija, baba humsomea, naye huyaingiza majina kwenye kitabu kikubwa cha parokia. Kabla ya hapo jina la mtoto lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu duniani, kwenye kitabu kilichokuwa kinanuka moshi wa jiko letu.

Mwaka ule surua ilipita kwetu wakati wa baridi kali, ule mwezi ambao asubuhi majani ya viazi huwa meusi kwa jalidi na watoto hutembea wamejikunyata kama vikongwe. Baba alibatiza watoto tisa katika majuma matatu. Mara nyingi aliondoka kabla chai haijachemka na kurudi akiwa hana hamu ya kula. Wanane walikuwa wa majirani zetu. Wa tisa alikuwa wa mama mmoja msafiri aliyetoka Iwawa akimfuata mumewe Songea. Lori lilimshusha kwetu kwa sababu mtoto alikuwa amelegea mgongoni. Mama yule alikuwa Mlutheri, lakini hakuuliza kanisa ni la nani. Alisema tu, mbatizeni. Mtoto alikufa mchana ule, tukamzika kwenye makaburi ya kigango, na baada ya siku mbili mama akaendelea na safari kwa sababu mumewe alikuwa anamsubiri na hakuwa na namna ya kumpelekea habari. Alimwambia baba kwamba angerudi kabla ya mvua za kwanza kuweka msalaba. Baba akamwahidi kwamba msalaba ataukuta umeshachongwa na jina liko juu yake.

Sasa niseme yangu. Nilikuwa na miaka kumi, najiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, na nilikuwa na njaa ya kusoma ambayo hakuna mtu nyumbani aliyejua aifanyeje. Vitabu vyetu vilikuwa katekisimu na vitabu vya sala, nami nilivijua vyote kwa moyo. Majuma yale parokia ilimpa baba kitabu kipya cha sala, chenye kingo nyekundu. Kile cha zamani, ambacho jalada lake la nyuma lilikuwa limening'inia, akakiweka ndani ya sanduku la nguo, chini kabisa. Nilidhani kimestaafu. Jumamosi moja zamu yangu ilikuwa kufagia kanisa. Sikufagia. Nilikitoa kile kitabu sandukuni, nikakificha kwenye khanga, nikafuatana na wanawake waliokuwa wanapeleka njegere Njombe, hadi mtaa wa Ramadhani, ambako Pasaka iliyotangulia nilimwona mtu aliyetandika vitabu chini ya kibanda cha mabanzi. Ukimpa kitabu, anakupa kitabu. Mimi nilipewa kitabu cha wanyama chenye picha za rangi, kurasa za mwanzo hakina. Nilirudi nikikimbia, nimelowa umande wa jioni, nikiwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena kwa kitu cha kushika mkononi.

Juma moja baadaye baba alitaka kunakili majina, kwa sababu padre alikuwa karibu kuja. Alifungua sanduku. Akalifunga, akalifungua tena, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzikung'uta. Mimi nilikuwa nimekaa jikoni namenya viazi. Aliponiuliza, nilijibu kwamba alipita mtu wa kutoka upande wa Ludewa, mwenye mzigo wa vitabu vikuukuu, nikabadilishana naye. Watu wa namna hiyo walikuwepo, na walipita kweli, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na miguu ya kusimamia. Nilijua kuiba kitabu kilichostaafu kungenipatia viboko viwili. Kuacha kufagia kanisa na kwenda mjini bila ruhusa, majuma machache kabla ya Komunyo, kungeniondoa kwenye orodha, na mwenye orodha alikuwa baba mwenyewe.

Hakunichapa. Ndipo alipotueleza mimi na mama kilichokuwa kwenye kurasa za nyuma. Siku zilizofuata nilimwona akisimama katikati ya sala, mdomo wazi, macho kwenye paa, akitafuta. Majina manane aliweza kuyapata kwa majirani. La tisa lilikataa. "Nalikumbuka blanketi lake," alimwambia mama wakiwa shambani, nami nikiwa nyuma yao. "Nakumbuka hata kidonda cha sikioni. Nitamwambiaje yule mama kwamba jina la mwanawe limenitoka, na mimi ndiye niliyelitamka juu ya maji?" Mama akamwambia apumzike kidogo, labda litarudi lenyewe. Baba akasema hana muda wa kupumzika, mama yule yuko njiani kuja, iwe leo au kesho kutwa.

Kila mtu alijua kwamba vitabu vikuukuu vya nchi yetu yote huishia Makambako, kwenye ghala la Mzee Sanga. Basi Alhamisi moja tulidandia lori la mbao, baba na mimi, tukakaa juu ya mbao mbichi zilizotoa utomvu. Baba alikuwa na kikohozi kilichokuwa hakijapona tangu wakati wa mazishi. Alinifunika kwa koti lake. Hakuniuliza kitu njia nzima, na mimi nilikuwa natamani aniulize, na naogopa aniulize.

Ghala lile zamani lilikuwa la mahindi; tulipofika sisi reli ilikuwa bado mpya na mji unajijenga kuizunguka. Mzee Sanga alikuwa ameliongeza kila alipopata mabanzi na mabati, chumba juu ya chumba, hadi likawa kama kundi la vibanda vilivyoegemeana visianguke. Kuta zilikuwa na nyufa za kupitisha mkono. Upepo uliingia upande mmoja na kutokea mwingine, na vitabu vilivyokuwa juu vilijifunua na kujifunika vyenyewe. Vilikuwepo vya shule, vya misheni, vya kilimo cha miwati na ufugaji wa kondoo, daftari za wanafunzi ambao sasa ni wazee au marehemu, na chumba kizima cha vitabu vya Kichina vilivyoachwa na wajenzi wa reli, ambavyo hakuna mtu aliyeweza kuvisoma na Mzee Sanga hakutaka kuvichana. Mahali paa lilipovuja, maji yalikuwa yamegandisha vitabu vikawa kama tofali moja. Nilisimama mlangoni na njaa yangu yote ya kusoma ikaniisha. Vilikuwa vingi mno.

Mzee Sanga alikuwa mfupi, amevaa makoti mawili, na alitusalimu kwa Kibena, "Kamwene," ingawa yeye ni Mkinga. Baba alipoeleza shida yake, mzee akauliza jambo moja tu. "Kilitokea wapi?"

Baba alidhani hakumsikia vizuri, akarudia kwamba ni kitabu cha sala.

"Nimesikia, katekista. Hapa sipangi kwa sala wala kwa hesabu. Napanga kwa mahali. Kila mzigo unakaa na ndugu zake uliosafiri nao. Watu wanaokuja hapa wengi wanatafuta walichopoteza, na mtu aliyepoteza anakumbuka alipopotezea. Sasa niambie. Kilitokea wapi?"

Baba akanigeukia. Nikasema, "Mtu wa Ludewa." Sauti yangu ilitoka vizuri kabisa.

"Ludewa ni chumba cha nne," alisema Mzee Sanga, "na poleni, maana Ludewa ni kubwa. Wavuvi wa kule ziwani wanauza kila kitu isipokuwa nyavu." Akacheka peke yake. "Ila Wabena mnapenda kutafuta. Sisi Wakinga tunapenda kupata." Hata baba alitabasamu kidogo, maana utani wa namna hiyo haumwachi mtu hivihivi, akamjibu kwamba Mkinga akipata, basi kuna Mbena mahali fulani bado anatafuta.

Tukaanza. Baba alianzia kona ya mlango, mimi kona ya dirisha. Tulishika kitabu, tukageuza, tukaangalia nyuma, tukaweka chini. Vidole vyangu viliingia vumbi jeusi lisilotoka, koo likakauka, miguu ikafa ganzi kwa baridi ya sakafu. Baba alivuta kila kitabu kwa heshima, hata vile vilivyokuwa wazi kwamba si chenyewe, alivipangusa kwa kiganja na kuviweka vizuri kuliko alivyovikuta. Saa tano, saa sita, saa saba. Kikohozi chake kilikuwa kinamwinamisha. Nilijua kwamba hata tungekaa humo hadi Krismasi kitabu kisingeonekana, na nilikuwa nainua na kuweka, nainua na kuweka, kama mtu anayelipa kitu kwa mikono ili mdomo usiulizwe.

Mke wa Mzee Sanga alituletea viazi vya kuchemsha na chai ya rangi. Baba alikula kiazi kimoja, akaegemea rundo la vitabu, akalala usingizi ameketi, kitabu cha mtu mwingine kikiwa wazi kifuani pake. Alilala mdomo wazi. Alionekana mzee. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilala mchana.

Mzee Sanga akaja akasimama karibu nami na kikombe chake. Alisema kwa sauti ya chini, ili asimwamshe. "Binti, nimewaona wengi wakitafuta humu. Baba yako anatafuta. Wewe unahamisha tu."

Nikaanza kulia bila sauti. Aliniacha nilie, hakunigusa wala kuniuliza. Kisha akasema, "Mwambie yeye. Mimi nauza vitabu tu." Akaondoka.

Nilimgusa baba begani. Nikamwambia yote kwa haraka, Ramadhani, kanisa ambalo sikulifagia, kitabu cha wanyama nilichokifukia kwenye debe la maharage. Alinisikiliza huku akijaribu kuondoa usingizi usoni kwa mikono miwili. Kisha akaweka kile kitabu cha mtu mwingine juu ya rundo, taratibu, akasimama akishika ukuta.

"Mzee Sanga," aliita. "Chumba cha Ramadhani ni kipi?"

Kilikuwa kidogo, karibu na choo, na mzigo wake wa mwisho ulikuwa bado umefungwa kamba. Mzee Sanga alisema uliletwa Jumanne, juzi tu. Nilisikia hesabu hiyo ikiniingia. Siku baba alipokung'uta nguo za sanduku, kitabu kilikuwa bado Ramadhani, chini ya kibanda cha mabanzi. Ningesema kweli siku ile, asubuhi moja ya kutembea ingetosha. Tulikata kamba, na kilikuwa cha tatu kutoka juu, na jalada lake linaning'inia. Baba alikigeuza. Kurasa za nyuma zilikuwa zimekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono. Palibaki ukingo mwembamba wa karatasi, na kwenye ukingo huo mikia ya herufi chache za mwandiko wake.

"Wa Ramadhani huzikata," Mzee Sanga alisema, naye hakuwa anatania tena. "Wanasema mteja hapendi kitabu chenye maandishi ya mtu. Nimewakataza mara nyingi."

Baba alipitisha kidole kwenye ule ukingo, kutoka juu hadi chini. Mzee Sanga alitufungia kitabu kwa kamba ya katani, na alipotutoa nje alimwambia baba, "Samahani, katekista," kana kwamba kosa lilikuwa la ghala. Tulirudi juu ya magunia ya saruji. Njiani baba alinifunika tena kwa koti. Hilo ndilo lililonishinda kuliko kipigo chochote.

Padre alikuja. Alimsikiliza baba akimsomea majina manane, akayaandika, kisha akaacha mstari mmoja mtupu, maana baba alimwomba auache. Mimi niliondolewa kwenye orodha ya Komunyo, nikangoja mwaka mwingine. Kila Jumamosi ya mwaka huo nilifagia kanisa, zamu yangu na zamu za wengine.

Mama wa Iwawa alirudi mwanzoni mwa Oktoba, amebeba kapu la viazi kichwani na amefunga kilemba cheusi. Baba alikuwa ameshachonga msalaba wa mti wa mwati, akaulaza kwenye baraza umefunikwa gunia. Aliniita nikae karibu yao. Nilidhani atanitaja mimi. Hakunitaja. Alisimama mbele ya yule mama, kofia mkononi, akamwambia, "Mama, nilimbatiza mwanao, nikaandika jina lake, na maandishi yamepotea mikononi mwangu. Kichwani pia halimo. Nisamehe. Naomba uniambie, aliitwa nani?"

Nilisubiri hasira. Badala yake mama aliliweka kapu chini, akaketi juu ya ukingo wa baraza kama mtu aliyetembea tangu siku ile aliyoondoka.

"Otilia," alisema. "Songea hakuna aliyeniuliza. Mume wangu alisema tusimtaje, tutajiumiza. Nyumbani nako wakasema vivyo hivyo. Nimekuja njia nzima nikiwaza, wewe nawe usiponiuliza, nitalisema kwa nani." Akalisema tena, mara mbili, mara tatu, huku amelishika lile gunia lililofunika msalaba. Baba alinipa kisu cha kuchongea akaniambia niandike mimi. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya. Herufi ya mwisho ilinishukia, ikabaki imening'inia chini ya wenzake, na mama alisema iachwe hivyo hivyo.

Leo parokia yetu ina kompyuta, na majina yanaingizwa na dada mmoja mpole anayeandika bila kuangalia vidole. Mjukuu wangu aliniambia kwamba kitabu chochote ninachokitaka anaweza kukipata kwenye simu kabla sijamaliza kunywa chai, na amenionyesha, ni kweli, na namshukuru Mungu kwa ajili yake na kwa simu yake. Pale lilipokuwa ghala la Mzee Sanga sasa wanauza betri na paneli za jua. Baba amelala kwenye makaburi yaleyale ya kigango. Msalaba wa Otilia tumeubadilisha mara tatu, na kila mara namwomba fundi aishushe ile herufi ya mwisho, naye hunitazama kama anayemhurumia bibi mwenye macho mabovu.

Mimi nimechoka, sitaficha. Macho yanaondoka, majina nayo yanaondoka, hata ya wajukuu nayakosa asubuhi zingine. Lakini kwenye jumuiya yetu ndogo bado mimi ndiye ninayetumwa kwenye nyumba iliyofiwa. Juma lililopita nilikwenda kwa binti mmoja jirani aliyempoteza mtoto wa miezi minne. Nilikuwa nimeshaambiwa jina la mtoto njiani, mara mbili, na jina hilo sikulisahau. Niliketi karibu naye kwenye mkeka, nikangoja watu wapungue, nikamwuliza, "Mwanangu, aliitwa nani?"